Mifupa ya Karatasi

Picha ilifika kwa WhatsApp mwisho wa mwezi wa kumi. Mtoto wa kike wa miaka saba, mzaliwa wa hapa hapa Nyarugusu, amesimama mbele ya darasa lake huko Marekani. Amevaa fulana nyeusi, na juu yake amebandikwa mifupa ya karatasi nyeupe: mbavu, mikono, nyonga. Pembeni kuna boga kubwa la rangi ya machungwa lililotobolewa macho na meno. Ukutani nyuma yake kuna mchawi wa karatasi mwenye kofia ndefu. Mtoto anacheka.

Mama yake aliituma bila maneno mengi: "Mutoto anaendelea vizuri ku masomo." Bibi wa mtoto, aliyebaki hapa kambini, hana simu ya picha. Alionyeshwa na jirani kwenye kibanda cha kuchajia simu. Jioni ile zoni nzima ilishajua. Asubuhi, kabla sijanywa chai, Bibi alikuwa mlangoni kwangu.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye unasoma vitabu vya wazungu. Niambie kweli. Mujukuu wangu banamufundisha bulozi?"

Ningeweza kucheka. Mfanyakazi kijana wa shirika moja, ambaye nilimsimulia baadaye, alicheka kweli, tena bila ubaya. Lakini mimi nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Nyumbani kwa Bibi kulikuwa na mjukuu mwingine, mdogo wa miaka mitatu, mwenye homa. Na jirani mmoja alishasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba homa hiyo imetoka kwenye ile picha. Kwamba yule dada wa Marekani amevalishwa wafu, na wafu wameanza kudai ndugu zake.

Sisi tuliotoka Congo tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Tumeona watoto wanaofukuzwa nyumbani, wanaonyimwa chakula, wanaofungiwa siku nyingi ili "waombewe." Jambo hili lilikuwa kubwa hata likaandikwa kwenye Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006: kifungu cha 41 kinakataza kumtuhumu mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikarudia katazo hilo na kuweka adhabu. Nchi haiandiki kitu kwenye katiba kama hakijawaumiza watu wake. Kwa hiyo swali la Bibi halikuwa la ujinga. Alikuwa anauliza kama mjukuu wake yuko hatarini, na kama mwingine naye ataingizwa hatarini kwa sababu ya huyo.

Nilimwambia, "Bibi, kwanza mpeleke mdogo zahanati akapimwe malaria. Halafu unipe siku chache nitafute." Nikatafuta. Ndugu msomaji, nilichokikuta ndicho ninachokiandika hapa.

Sikukuu hiyo inaitwa Halloween. Inaangukia tarehe 31 Oktoba. Jina lake, ukilifungua, ni la kanisani kabisa: ni mkesha wa Watakatifu Wote. Katika karne ya 8 Papa Gregori III alitenga kanisa dogo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu, na katika karne ya 9 sikukuu ya tarehe 1 Novemba ikaenea Ulaya magharibi. Karibu na mwaka 1000, Odilo, mkuu wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, akaweka tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote. Wakatoliki wa kambi hii wanazijua siku hizo mbili bila kufundishwa na mtu. Usiku unaozitangulia ndio huo wa maboga.

Lakini kulikuwa na kitu cha zamani zaidi. Ireland, kisiwa kilichoko magharibi mwa Uingereza, wakulima na wafugaji walikuwa na siku yao iliyoitwa Samhain. Ilikuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi. Ng'ombe walishushwa kutoka malisho ya milimani, mioto mikubwa iliwashwa, na watu waliamini kuwa usiku ule mpaka kati ya walio hai na wasio hai unakuwa mwembamba. Kanisa lilipoleta watakatifu wake na marehemu wake, mambo hayo mawili yakakaa nyumba moja. Maskini walipita mlango kwa mlango, wakapewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba hiyo. Watoto na vijana walijifunika nyuso, wakaimba, wakapewa matunda au karanga. Wengine walichonga turnipi, mzizi wa mviringo unaofanana na figili kubwa, wakautoboa sura ya kutisha na kuweka mshumaa ndani. Makumbusho ya Taifa ya Ireland bado yanatunza sura ya turnipi ya namna hiyo. Niliiona kwenye picha. Hakika inatisha kuliko boga lolote.

Sasa, hiyo sikukuu ilifikaje Marekani? Hapa ndipo nilipoacha kusoma kama mwalimu nikaanza kusoma kama mkimbizi.

Mwaka 1845 Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na wengi wao, hasa maskini, waliishi kwa viazi. Ugonjwa wa ukungu ukaingia shambani. Viazi vikaoza ardhini, kama sisi tunavyoijua batobato inapokula muhogo, ila kwa kasi kubwa zaidi. Njaa ilidumu mpaka 1852. Kama watu milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaikimbia nchi. Huku nyuma chakula kiliendelea kupakiwa melini na kuuzwa nje, na wapangaji walioshindwa kulipa kodi ya ardhi walitolewa majumbani mwao.

Waliokimbia walipanda meli zilizojaa kupita kiasi, maji machafu, chawa, homa. Watu waliziita meli za majeneza. Wengi walipelekwa kwanza Kanada, kwenye kisiwa cha Grosse Île katika mto St. Lawrence, kituo cha karantini. Mwaka 1847 peke yake zaidi ya watu 5,000 walizikwa pale. Wewe uliyevuka Ziwa Tanganyika usiku mwaka 1996 ukapokelewa Kigoma na foleni ya sindano na daftari la majina, hapo huhitaji maelezo yangu. Na walipofika mijini Marekani, waliambiwa kwamba wanaleta magonjwa, wanachukua kazi, dini yao ni ya ajabu.

Hao ndio walioibeba Halloween kwa wingi, pamoja na Waskoti. Hawakuwa na mizigo. Walibeba ile isiyopimwa kwenye mizani: nyimbo, sala, hadithi za wafu wao, na namna ya kuufanya ule usiku. Turnipi walikuta kitu bora zaidi. Boga ni mzaliwa wa bara la Amerika, hata haya maboga yetu ya kambini asili yake ni huko. Ni kubwa, ni laini kuchonga, na ndani tayari lina uwazi wa kuweka mshumaa. Turnipi ikaachwa.

Kwa hiyo lile boga la kwenye picha, lililomtia Bibi hofu, lilitoka mikononi mwa watu waliokimbia njaa.

Na yule mchawi wa karatasi ukutani? Huyo ana historia yake, tena chungu. Mwaka 1692, katika kijiji na mji wa Salem, Massachusetts, watoto wa kike kadhaa walianza kupata degedege na kupiga kelele. Watu wazima wakauliza, "Nani amewaloga?" Majina yakaanza kutajwa. Kabla mambo hayajaisha, watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja alikufa akikandamizwa kwa mawe. Zaidi ya 150 walituhumiwa. Kati ya waliofungwa alikuwamo Dorothy Good, mtoto wa miaka minne hivi, aliyekaa gerezani miezi mingi katika minyororo. Miaka minne, ndugu zangu. Mwaka 1697 mmoja wa majaji, Samuel Sewall, alisimama kanisani huku tamko lake la kuomba radhi likisomwa mbele ya watu wote. Mwaka 1711 serikali ya koloni ilifuta hukumu nyingi na kulipa familia fidia. Wazungu nao walifanya yale yale tunayoyafanya, na walichelewa kuona aibu. Leo mchawi amebaki wa karatasi na kofia, anabandikwa kwa gundi, na baada ya wiki moja anatupwa.

Halloween yenyewe haikuwa ya watoto wadogo tangu mwanzo. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Marekani waliufanya usiku ule kuwa wa fujo. Walivunja madirisha, walifungulia mifugo, walibeba mageti ya watu. Mwaka 1920 mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, uliamua kujaribu njia nyingine: badala ya kuwafukuza watoto, ukawaandalia maandamano, mioto na peremende. Katika miaka ya 1930, wakati uchumi umeanguka na fujo zimezidi, miji mingi na shule zake zilifanya hivyo hivyo. Walimu wakaambiwa: wapeni watoto kitu cha kufanya. Ndipo mifupa na popo na maboga yakaingia darasani kwa nguvu.

Nikajiuliza, huko darasani wanafanya nini hasa? Nikamwandikia mama wa mtoto, akaniuliza kwa mwalimu. Majibu yalinishangaza kwa sababu ni kazi ya kawaida ya ualimu, imevalishwa nguo za sikukuu. Boga linapimwa uzito baada ya kila mtoto kukisia. Linawekwa kwenye beseni la maji: litazama au litaelea? Linaelea, kwa sababu ndani lina hewa. Mbegu zinatolewa na kuhesabiwa kwa makumi. Boga moja linaachwa dirishani, na kila siku watoto wanaandika limeozaje: ukungu umeota wapi, rangi imekuwaje, harufu ikoje. Peremende zinapangwa kwa rangi na kuchorwa kwenye grafu. Popo anasomwa kama mnyama anayenyonyesha, si ndege. Hadithi ya kutisha inaandikwa ili mtoto ajifunze mwanzo, katikati na mwisho.

Na ile mifupa? Ilikuwa somo la mwili. Kila mtoto alikata mifupa ya karatasi, akaibandika mahali pake kwenye nguo na kutaja jina la kila mmoja. Mtu mzima ana mifupa 206. Yule mtoto, ambaye mwaka mmoja nyuma hakujua neno la Kiingereza, alikuwa ametaja mifupa kumi na miwili mbele ya darasa. Ndiyo maana alikuwa anacheka kwenye picha. Alikuwa ameshinda.

Kuna jambo jingine nililolikuta, na hili nawaomba wote mlisome polepole, wakaaji na wafanyakazi wa mashirika. Mwaka 1950, katika eneo la Philadelphia, mwalimu Mary Emma Allison na mume wake Clyde, mchungaji wa Kipresbiteri, waliona kwamba watoto wanapita nyumba kwa nyumba usiku wa Halloween wakiomba peremende tu. Wakafikiri: kwa nini wasiombe pia kwa ajili ya watoto wengine? UNICEF ilikuwa imeanzishwa mwaka 1946 kuwasaidia watoto walioachwa na vita vya Ulaya. Watoto walichukua makopo ya karatasi ya maziwa, wakayapamba, wakapita milangoni wakiomba senti. Mara ya kwanza walikusanya dola 17. Desturi ikaenea mashuleni, kopo likawa kiboksi cha rangi ya machungwa, na walimu wakakifanya somo: kuhesabu senti, kutafuta kwenye ramani ni nchi gani zitasaidiwa. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alitangaza tarehe 31 Oktoba kuwa Siku ya UNICEF nchini mwao. Tangu siku ya zile dola 17, watoto hao wamekusanya zaidi ya dola milioni 170.

Hapa kambini herufi hizo tunazijua. Ziko kwenye mabegi ya shule, kwenye maturubai, kwenye maboksi ya chaki. Siwezi kusema begi gani limelipwa na senti ya mtoto gani. Ila najua sasa kwamba miaka mingi iliyopita, mtoto aliyefunika uso wake kwa kinyago alibisha hodi gizani akaomba senti kwa ajili ya mtoto asiyemjua.

Nilirudi kwa Bibi siku ya nne. Mdogo alikuwa amepimwa, malaria ilionekana, amepewa dawa, na alikuwa anafukuza kuku uani. Jirani naye alikuwepo, amekuja kusikiliza. Nikaeleza yote, kwa Kiswahili chetu, bila haraka. Niliposema habari za njaa na meli, Bibi alitikisa kichwa. Niliposema habari za yule mtoto wa miaka minne gerezani, jirani aliangalia chini.

"Kwa hiyo," Bibi akasema, "bale babuzungu walikuwa wakimbizi."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ule usiku ulikuwa wa kukumbuka bafu babo."

"Ndiyo, kwa sehemu."

Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwetu Congo, tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi. Asubuhi watu wanaenda makaburini, wanafyeka nyasi, wanasafisha. Mchana wanakula na wazazi walio hai. Bibi alisema tangu 1996 hajafyeka kaburi la mume wake. Liko ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi. Hajui kama bado linaonekana. "Mutoto anavaa mifupa na kucheka," akasema. "Mimi mifupa yangu niliiacha."

Sikuwa na jibu. Historia haikuwa na jibu la hilo.

Jioni tulipiga simu. Mtoto alimtajia Bibi mifupa yake kwa Kiingereza, mmoja mmoja, na Bibi alirudia: paja, goti, mbavu, kwa lugha yetu. Wote wawili walikosea na kucheka. Hata hivyo Bibi alimwambia mama wa mtoto wazi: kazi ya boga na hesabu sawa, mifupa ya somo sawa, ila mchawi asivaliwe. Mama akamweleza mwalimu kule, na mwalimu akakubali bila neno. Hata Wamarekani wenyewe hawajakubaliana: wako Wakristo wengi wanaoikataa siku hiyo, na shule nyingi zimeibadilisha kuwa sherehe ya mavuno tu. Mzazi anaruhusiwa kuuliza, na anaruhusiwa kusema hapana. Ninyi mlio na ndugu huko, waambieni hivyo. Wasimtoe mtoto shuleni kimya kimya kwa hofu, wala wasinyamaze kwa aibu. Wamwulize mwalimu.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnaowaandaa watu kwa safari: mnatufundisha mkanda wa ndege, theluji, kodi ya nyumba. Ni vizuri. Ongezeni nusu saa juu ya mwezi wa kumi. Waambieni watu watakutana na mifupa milangoni na makaburi ya bandia kwenye bustani, na waambieni yametoka wapi. Wako kati yetu walioona mifupa ya kweli. Na mtu akiwaletea picha ya namna ile akiwa na hofu, msicheke. Ulizeni kwanza kama nyumbani kuna mtoto mgonjwa, na nani anatajwa.

Kwa majirani zangu nina ombi moja. Tukiogopa, tuogope karatasi. Jina la mtoto tusilitaje.

Wiki iliyofuata nilitaka kujaribu lile somo la mbegu darasani kwangu. Boga lilitoka kwenye bustani ya Bibi. Alinikabidhi mwenyewe, zito kweli, akalishika kidogo kabla ya kuliachia. "Chukua," akasema. "Lakini usilitoboe macho."

Sikulitoboa. Tulilikata katikati. Watoto walikuwa 98 siku ile. Mmoja alikisia mbegu hamsini, mwingine akasema milioni. Tukazihesabu kwa makumi juu ya mkeka: 412. Tukagawa: kila mtoto mbegu nne za kukaanga, na baki 20. Nyama ya boga ilipikwa, ikaliwa, ikaisha. Zile 20 tulizianika, tukazipanda nyuma ya darasa mvua ilipokolea.

Zimeota kumi na saba.